Kishimo Kisichobadilika Rangi

Nikiwa nyumbani Wang'uru na mtu akaniuliza ninafanya kazi gani Nairobi, jibu fupi ndilo salama: "Niko maabara." Nikithubutu kuongeza kwamba nashughulika na kimeng'enya cha binadamu kinachohamisha sukari, papo hapo naombwa ushauri wa kisukari: je, shangazi aache ugali kabisa au apunguze tu? Sukari ninayoisema mimi haiingii kwenye chai wala haipimwi kwa kudungwa kidole. Imekaa juu ya seli nyekundu za damu, imeungana minyororo mifupi, na ile ya mwisho kwenye mnyororo ndiyo inayoamua kama wewe ni kundi A, B, AB au O.

Kazi ya kuiweka sukari hiyo ya mwisho hufanywa na kimeng'enya kimoja. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 9. Mwenye kundi A ana kimeng'enya kinachochukua sukari iitwayo N-asetilgalaktosamini na kuipachika kwenye mnyororo wa msingi, unaojulikana kama H. Wa kundi B ana kimeng'enya kinachopachika galaktosi. Vimeng'enya hivi viwili vina urefu wa asidi amino 354, na tofauti zinazovipa kazi mbili mbalimbali ni asidi amino 4 tu. Wa AB amerithi vyote viwili. Na wa O? Kwa wengi wao, herufi moja ya jeni imedondoka. Kila kinachofuata baada ya hapo kinasomeka ovyo, protini inakatika ikiwa bado fupi, na hakuna sukari inayowekwa. Mnyororo wa H unabaki vivyo hivyo.

Mambo haya yalifumbuliwa kwa awamu. Karl Landsteiner aliyatambua makundi ya damu kule Vienna mwaka 1901. Walter Morgan na Winifred Watkins, wakiwa London, wakaonyesha katika miaka ya 1950 kwamba tofauti iko kwenye sukari. Mwaka 1990, Fumiichiro Yamamoto na wenzake waliokuwa Seattle wakachapisha jeni yenyewe pamoja na ile herufi inayokosekana. Mimi nimekuja baada ya hao wote, na sina nilichogundua. Nilichonacho ni somo moja nililofundishwa zaidi ya mara moja na watu wasiojuana: jambo lisilotokea nalo ni habari, mradi uwe na njia ya kujua kwamba kweli halikutokea.

Aliyenifundisha kwanza ni mama. Sisi ni watu wa mpunga. Mifereji ya skimu ya Mwea ilichimbwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau, na maji yake hutoka mito ya Thiba na Nyamindi. Kuanzia Tebere hadi Karaba, mtoto hujua msimu kwa kuangalia kama shamba limejaa maji, limesimama kijani au limetandazwa kwenye turubai kukaushwa. Mama hakuwa na shamba kubwa. Alinunua mpunga, akaupeleka mashineni kukobolewa, akauza mchele kando ya barabara ya Embu, kwa kilo na kwa gorogoro.

Pishori, ule mchele wetu unaonukia, ina bei, kwa hivyo ina maadui. Mtu huchukua gunia moja la Pishori halisi, akalichanganya na magunia mawili ya mchele wa bei ya chini, akashona mdomo, akaandika "Pishori ya Mwea." Mnunuzi mwenye uzoefu hatazami maandishi. Huchota kiganjani, akasugua, akanusa, akatafuna punje mbili tatu. Mama alikuwa hodari wa hilo, lakini alikuwa na desturi moja iliyonishangaza nikiwa mdogo. Chini ya meza yake palikuwa na mkebe wa mchele wa BW, aina inayozaa sana shambani lakini haina harufu. Kila baada ya magunia machache alifungua mkebe huo akanusa, kisha akarudi kwenye magunia.

Nilimuuliza kwa nini ananusa kitu kisichonukia. Akasema pua ikishazoea, hata gunia tupu litanukia Pishori. Kama BW nayo imeanza kunukia, basi pua imechoka na hukumu zake zote tangu asubuhi hazifai.

Nimesoma vitabu vizito juu ya majaribio ya kisayansi, na sijaona maelezo yaliyo wazi kuliko hayo.

Aliyefuata alikuwa mzee mmoja wa maabara, katika hospitali ndogo ya upande wetu nilikoanzia kazi. Kupima kundi la damu pale kulifanyika kwenye kigae cheupe. Unaweka tone la kitendanishi cha bluu, kinachoshika A, na tone la manjano, kinachoshika B; unaongeza damu, unakoroga kwa kijiti, unatikisa kigae taratibu. Damu ikikutana na kingamwili inayoihusu, hukusanyika vibonge kama maziwa yaliyokatika. Isipokutana nayo, hubaki laini.

Siku zangu za mwanzo nilimsomea kigae kimoja: "O."

"Umejuaje, mwanangu?"

"Haikushikana kwenye bluu wala kwenye manjano."

"Na kama hizo dawa zimekufa, zingeshikana?"

Hakuwa ananigombeza. Alikuwa ananionyesha kwamba kati ya makundi yote, O ndilo linalosomwa kutokana na kutotokea kwa kitu. A huonekana. B huonekana. O ni ukimya, na kitendanishi kilichoharibika nacho hukaa kimya. Stima ilikuwa ikipotea mara kwa mara, friji inapoa na kupata joto, na chupa haikwambii kwamba imekufa. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, tulijaribu bluu kwa damu tunayoijua kuwa A, na manjano kwa damu tunayoijua kuwa B. Zikishikana, ndipo ukimya wa yule asiyeshikana ukawa na maana.

Kisha akanifundisha kupima kwa upande wa pili: chukua majimaji ya damu ya mgonjwa, yachanganye na seli za A na za B. Mtu wa O hubeba kingamwili dhidi ya zote mbili, kwa hivyo zote zitashikana. Yaani kile kilichokuwa kimya upande wa kwanza lazima kiseme upande wa pili. Pande mbili zisipokubaliana, damu haitoki kwenye benki.

Pia alipenda kuongeza seli za O kwenye kipimo hicho, jambo nililoliona kuwa la ziada hadi alipoeleza sababu. Mwaka 1952, Y. M. Bhende na wenzake walieleza juu ya watu wa Bombay ambao damu yao ilisomeka kama O lakini ilikataa damu ya O. Watu hao hawakukosa sukari ya mwisho pekee. Walikosa hata ule mnyororo wa H. Kimeng'enya cha A au B wanaweza kuwa nacho, kikiwa kizima, ila hakina pa kupachika sukari. Kwenye kigae, mtu wa O na mtu wa Bombay ni sawasawa. Ukimtilia huyu wa pili damu ya O, unaweza kumuua. Ukimya wa aina mbili, sura moja. Anayeutofautisha ni yule tu aliyejali kuongeza tone jingine.

Wagonjwa wengi tuliowapimia damu walikuwa akina mama waliojifungua na watoto waliopungukiwa na damu. Mgeni akiona maji yametanda kila upande hudhani Mwea yote inaugua malaria. Watafiti waliofanya kazi huko mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta jambo la ajabu: vijiji vya mashamba ya maji vilikuwa na mbu wengi mno, lakini malaria kidogo kuliko vijiji jirani visivyo na mifereji. Sehemu ya maelezo ilikuwa ng'ombe. Mbu wa huko, *Anopheles arabiensis*, alikuwa akinyonya mifugo zaidi ya watu. Malaria iliyotarajiwa ikakosekana, na kule kukosekana ndiko kulikowapa swali la maana kuliko yote waliyokwenda nayo.

Swali la malaria na sukari ndilo lililonipeleka Nairobi. Kwa muda mrefu imejulikana kwamba watu wa kundi O hawapati malaria kali kwa kiwango cha wengine, na watafiti wa Kilifi, kwenye mpango wa KEMRI na Wellcome, wamelithibitisha hilo kwa watoto wa pwani yetu. Seli iliyoingiwa na kimelea huzingirwa na seli nyingine nzima, zikaunda kikundi kinachoziba mishipa midogo ya damu. Sukari ya A ni mojawapo ya mahali pa kushikia. Mwaka 2015, kikundi cha Karolinska nchini Uswidi kilionyesha kwamba protini za kimelea ziitwazo RIFIN hung'ang'ania sukari hiyo. Mtu wa O hana mpini huo. Kimeng'enya chake kisichofanya kazi kinaweza kuwa kimemwokoa utotoni.

Kulichunguza jambo hili maabara kunahitaji uweze kuijenga sukari ya A mwenyewe, juu ya mnyororo wa H ulio safi, na kwa hilo unahitaji kimeng'enya chenyewe. Zamani kilikamuliwa kutoka kwenye majimaji ya damu au tishu za watu, kidogo kidogo, kikiwa na uchafu mwingi. Leo kinatengenezwa kwa njia ileile iliyotupa insulini ya kisasa, ambayo bakteria walianza kuitoa mwaka 1978 na ikaidhinishwa kwa wagonjwa Marekani mwaka 1982: unachukua jeni ya binadamu, unaipandikiza kwenye seli nyingine, unaziachia seli zifanye kazi.

Kwa kimeng'enya hiki kuna ufundi wa ziada. Mwilini hukaa ndani ya seli, kimejichomeka kwenye utando wa Goljii kwa mkia wake. Mtengenezaji huukata mkia huo ili kielee kwenye majimaji, akakifunga kishikizo cha asidi amino 6 za histidini. Seli za figo ya binadamu au za hamsta zilizokuzwa kwenye chupa hukitema nje, na kile kishikizo hunasa kwenye chembe zenye nikeli huku uchafu ukipita. Mwaka 2018, Kelly Moremen wa Chuo Kikuu cha Georgia pamoja na wenzake walichapisha mfumo wa kutengeneza kwa njia ya namna hii vimeng'enya vya binadamu vinavyoshughulika na sukari. Vile vya kuhamisha peke yake hukaribia 200.

Kinapotufikia ni tone ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole cha mwisho, kikiwa na maikrogramu chache, na maandishi yanayosema ni kwa utafiti tu, si kwa tiba. Husafiri kwenye barafu kavu. Mara moja kifurushi kilikwama njiani mikononi mwa wasafirishaji, na tulipokifungua barafu yote ilikuwa imekwisha kitambo. Kichupa kilikuwa safi, lebo haijabanduka, namba zote ziko sawa na cheti. Sura ya kimeng'enya kizima na sura ya kilichokufa ni moja: maji meupe.

Njia ya kukihoji ni hii. Kimeng'enya hakiokoti sukari popote. Hupewa ikiwa imebebwa na molekuli iitwayo UDP, na huhitaji madini ya manganizi ili kuishika. Kikishaihamisha sukari, UDP hubaki tupu. Kimeng'enya cha pili hukata fosfati kutoka kwenye UDP hiyo, kisha tunatia rangi ya malakaiti. Pasipo na fosfati rangi hubaki manjano. Palipo na fosfati hugeuka kijani, na kadiri fosfati inavyozidi ndivyo kijani kinavyokolea. Yote hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, halafu mashine husoma rangi ya kila kishimo.

Siku tuliyojaribu kile kichupa kilichochelewa, kijana mmoja wa shahada ya uzamili aliruka kwa furaha. Vishimo vya kimeng'enya vilikuwa kijani kibichi. "Kiko hai!" Nikamwomba anionyeshe safu ya mwisho, ile tunayotia kila kitu isipokuwa kimeng'enya. Nayo ilikuwa kijani, kijani kilekile. Kulingana na sahani ile, hata kimeng'enya ambacho hakikuwepo kilikuwa kinahamisha sukari.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama na BW yake iliyoanza kunukia. Tuliacha kujadili kimeng'enya, tukaanza kusaka fosfati. Tulibadilisha kitu kimoja baada ya kingine: maji, bafa, ncha za pipeti. Chanzo kikapatikana kwenye bika za kioo tulizokorogea bafa. Zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni yenye fosfati, zikasuuzwa vizuri kwa macho lakini si kwa rangi ya malakaiti, ambayo huona masalio yasiyoonekana. Tulipokoroga upya kwenye mirija mipya ya plastiki, safu isiyo na kimeng'enya ikatulia manjano.

Safu ya kimeng'enya nayo ikawa karibu manjano. Sasa tulikuwa na ukimya wa pili, nao ulihitaji kuulizwa maswali yake. Kimeng'enya kimekufa kwa joto la safari? Manganizi imesahaulika? Mnyororo wa H ndio mbovu, yaani tumejitengenezea Bombay yetu wenyewe? Tulikuwa na tone la kichupa cha zamani, lililotunzwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Tukalitia kwenye vishimo vilevile, kwa bafa ileile na mnyororo uleule. Likageuka kijani. Basi vitu vingine vyote vilikuwa vizima, na kichupa kipya ndicho kilichokuwa kimekufa. Tulikuwa na haki ya kusema hivyo kwa sababu tu vishimo viwili pembeni yake vilikuwa vimesema kweli, kimoja kwa kubadilika rangi na kingine kwa kukataa kubadilika.

Kuna mjomba wangu anayelima kahawa juu kidogo, upande wa Kerugoya, aliyependa hadithi moja tu kati ya zote nilizomletea. Mwaka 1982, Jack Goldstein na wenzake huko New York walieleza kwamba wamechukua damu ya kundi B, wakaiondolea ile sukari ya mwisho, ikawa kama O, na ikaishi vizuri ndani ya miili ya watu wa makundi mengine. Kimeng'enya cha kukatia walikitoa kwenye kahawa mbichi, ile isiyokaangwa. Mjomba alinyamaza, akatazama miche yake, akauliza: "Sasa hiyo kahawa walinunua kilo pesa ngapi?" Sikuwa na jibu, na swali lake lilikuwa la haki. Kuigeuza damu ya A kulikuwa kugumu zaidi. Mwaka 2024, watafiti wa Denmark na Uswidi walionyesha hatua kubwa wakitumia vimeng'enya vya bakteria wa utumbo aitwaye *Akkermansia*, ingawa damu hiyo bado haijafika kitandani kwa mgonjwa. Bidii ya miaka 40 na zaidi, kote huko, ni ya kutafuta namna ya kumwiga mtu ambaye herufi moja ya jeni ilimdondoka.

Baadaye nilisoma jambo lililonifanya nimpigie mama simu. Harufu ya Pishori, ambayo asili yake ni Basmati, hutokana na jeni iliyokatika. Mpunga wa kawaida una kimeng'enya kinachokula malighafi ya ile harufu kabla haijaundwa. Basmati imepoteza herufi 8 kwenye jeni hiyo, kimeng'enya hakifanyi kazi, malighafi inabaki na harufu inajitengeneza. Kwa hivyo ile BW ya chini ya meza ndiyo nzima, na Pishori yenye bei ndiyo yenye pengo. Mama alicheka, akasema wanunuzi wasiambiwe.

Nisieleweke kwamba kila kilichokatika ni baraka. Mwaka 1980, daktari wa Ubelgiji Jaak Jaeken alieleza juu ya watoto pacha waliokuwa na ugonjwa ambao baadaye ulijulikana kuwa unatokana na hitilafu ya kuunganisha sukari kwenye protini. Tangu hapo magonjwa ya jamii hiyo yamefikia zaidi ya 100, na mengi huumiza ubongo, ini na misuli. Pengo lenyewe halina wema wala ubaya. Lina matokeo, na matokeo hupimwa, hayakisiwi.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi ya kazi hufika wakitamani kishimo kinachobadilika rangi. Mimi huwaanzisha kwa kile kisichobadilika, na daftari lao husomwa kutoka safu hiyo. Atakayeandika "hakuna kilichotokea" lazima aandike mstari wa pili unaosema amejuaje. Wengine huona ni ukali. Lakini fikiria ni majibu mangapi tunayopewa ambayo ni ya "hakuna": hakuna malaria kwenye damu ya mtoto, hakuna uvimbe kwenye picha, hakuna dawa ya sumu kwenye maji ya mfereji, hakuna mchele uliochanganywa kwenye gunia. Kila moja linaweza kuwa kweli, na kila moja linaweza kuwa chupa iliyokufa friji ilipozima. Mwenye kutuletea "hakuna" anastahili kuulizwa, kwa adabu, amejaribu vipi kifaa chake asubuhi hiyo. Akiwa alikijaribu, swali halitamuudhi. Mama hujibu swali hilo kila siku kando ya barabara ya Embu, na mnunuzi akitaka kuhakikisha humpa mkebe anuse mwenyewe.